Ndoa ya Mlango wa Nyuma

Kuna neno linalosemwa sana siku hizi katika vijana wetu, na hata wazee wengine wameanza kulirudia. Neno lenyewe ni hili: «Ndoa ni jambo la watu wawili. Wengine wanaingilia nini?» Wanaosema hivyo wanasifu arusi za kutoroka. Kijana na msichana wanaondoka bila kuaga, wanafika katika nyumba ya wageni ya zamani iliyo mbali na mji, wanaahidiana mbele ya watu wasiowajua, kisha wanarudi wakiwa wameoana. Hakuna tangazo, hakuna shangazi wala mjomba, hakuna maswali. Wanasema huo ndio upendo wa kweli, kwa sababu haukuomba ruhusa ya mtu.

Sisi tunasema sivyo. Na ili tusiambiwe kwamba tunawatisha vijana kwa maneno matupu, tutachukua mahali penyewe panaposifiwa kuliko pote duniani kwa arusi za namna hiyo, tutazame mambo yaliyotendeka pale. Mahali hapo panaitwa Gretna Green, kijiji cha Uskoti, karibu kabisa na mpaka wa Uingereza.

Kwanza tujue kijiji hiki kilipataje sifa yake. Mwanzoni mwa karne ya 18, watu wa London walikuwa wakioana kwa siri katika vilabu vya pombe na vyumba vilivyozunguka gereza la Fleet. Mapadri wa Kianglikana waliofungwa kwa madeni, au waliopoteza kazi zao, waliwaozesha watu kwa fedha kidogo, usiku na mchana. Walevi waliozeshwa. Watu wenye wake waliozeshwa tena. Vitabu vya ndoa viliandikwa tarehe za uongo kwa malipo. Ndipo mwaka 1753 Bunge likatoa sheria iliyoletwa na Lord Hardwicke: ndoa itangazwe kanisani au ipewe kibali, ifungwe kanisani mbele ya mashahidi, na mzazi aweze kuzuia ndoa ya mtoto aliye chini ya miaka 21. Sheria hiyo ilianza kufuatwa mwaka 1754.

Hatusemi kwamba sheria hiyo haikuwa na kasoro. Wakatoliki wa Uingereza waliumizwa nayo. Ilikubali desturi ya Wayahudi na ya Waquaker, lakini Mkatoliki alilazimika kwenda kwa mchungaji wa Kianglikana, la sivyo ndoa yake si kitu mbele ya serikali. Jambo hilo lilidumu mpaka sheria mpya ya mwaka 1836. Lakini kiu ya kutoroka haikutoka kwa Wakatoliki hao. Ilitoka kwa watu wasiotaka tangazo la namna yoyote.

Sheria ile haikufika Uskoti. Nchi zile mbili zilikuwa zimeunganishwa tangu mwaka 1707, lakini Uskoti ilibaki na sheria zake za ndoa. Huko ilitosha mwanamume na mwanamke kutamka mbele ya mashahidi kwamba wanachukuana. Msichana wa miaka 12 na mvulana wa miaka 14 waliweza kuoana bila baba wala mama kujua. Basi mtu wa London aliyetaka kutoroka alisafiri karibu kilomita 500 kwa gari la farasi, akabadili farasi njiani mara nyingi, akavuka kijito cha Sark, na kumbe amefika. Kijiji cha kwanza ng'ambo ya mpaka kilikuwa Gretna Green.

Sasa tazameni waliowangojea pale. Hakuwa padri, ingawa watu walimwita «padri wa fuawe». Fuawe ni chuma kile mhunzi anachopigia nyundo, na inasimuliwa kwamba ndoa zilipigiwa nyundo juu yake. Kwa kweli wengi wa hao «mapadri» hawakuwa hata wahunzi. Walikuwa wafanya biashara tu, na biashara yao ilikuwa watu wenye haraka. Mteja mwenye nguo nzuri alitozwa fedha nyingi. Mnyonge alitozwa kidogo. Mwendesha farasi alijua atampeleka mteja kwa nani, kwa maana naye alikuwa na fungu lake. Matajiri hawakwenda kwa mhunzi. Walikwenda katika nyumba za wageni, na iliyo kubwa kuliko zote iliitwa Gretna Hall, nyumba nzuri iliyojengwa mwaka 1710 na baadaye ikageuzwa kuwa ya kupokea wasafiri. Humo mlikuwa na chakula, divai, kitanda, na ndoa. Vyote vilikuwa katika hesabu moja.

Hapo ndipo swali letu la kwanza linapozaliwa. Wanasema ndoa ni ya watu wawili, wengine wasiingilie. Je, mwenye nyumba ya wageni si mwingine? Mwendesha farasi si mwingine? Yule anayejiita padri naye ni nani? Wanaotoroka hawakuondoa watu wa nje katika ndoa yao. Wamewaondoa wale wanaowajua na kuwapenda, wakawaweka mahali pao watu wasiowajua na wanaotaka fedha zao. Mama akiuliza, «Mwanangu, huyu mtu ni nani?», wanamwita adui wa upendo. Mfanya biashara asiyeuliza kitu wanamwita rafiki. Lakini kwa nini haulizi? Haulizi kwa sababu kesho hatakuwapo.

Sikilizeni habari moja, ambayo si hadithi ya kubuni, kwa maana iliamuliwa na mahakama. Mwaka 1826 kulikuwa na msichana wa miaka 15 jina lake Ellen Turner, mtoto wa pekee wa tajiri mwenye kiwanda cha pamba. Alikuwa shuleni Liverpool. Mtu mmoja wa miaka 29, Edward Gibbon Wakefield, alitamani mali ya baba yake. Mtu huyo alikuwa ameizoea kazi hiyo: mwaka 1816 alikuwa ametoroka na msichana mwingine mwenye mali, ambaye alifariki mwaka 1820. Msichana Ellen hakupata kumwona hata mara moja.

Wakefield alipeleka shuleni barua ya uongo kwamba mama mzazi ni mgonjwa sana na anamwita mtoto wake. Walimu wakamruhusu. Njiani wakamwambia kwamba baba yake ameanguka katika biashara, anawakimbia wanaomdai, na njia moja tu ya kumwokoa ni yeye Ellen kuolewa na huyu bwana. Mtoto anayempenda baba yake angefanya nini? Wakavuka mpaka. Tarehe 8 Machi 1826, katika nyumba ile ya Gretna Hall, aliletwa mzee David Laing, mmoja wa wale «mapadri». Akauliza kama wanakubali kuchukuana. Ellen akasema ndiyo. Wakala, wakalipa, wakaondoka.

Ndugu zangu, ipimeni hiyo «ndiyo». Watu wote wa Gretna waliisikia. Hakuna aliyemshika mkono wala kumfunga. Mbele ya sheria ya pale ilikuwa «ndiyo» nzuri kabisa. Lakini ilikuwa imejengwa juu ya uongo mtupu, na katika nyumba ile nzima hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeweza kuutambua uongo huo, maana hapakuwa na mtu aliyemjua msichana wala baba yake. Kama jina lake lingalisomwa Jumapili moja tu katika kijiji cha kwao, uongo ule usingefika jioni. Jirani angesema: «Baba yake nimemwona jana, mzima, yuko kazini.»

Jamaa zake walimfuata mpaka Calais huko Ufaransa, wakamkuta, wakamrudisha. Mwaka 1827 Wakefield na ndugu yake walihukumiwa kila mmoja miaka mitatu gerezani, na Bunge likatoa sheria ya pekee kuibatilisha ndoa ile. Ona, mtoto huyu aliokolewa kwa sababu baba yake alikuwa tajiri, aweza kuwalipa mawakili na kulifikia Bunge. Binti wa maskini aliyedanganywa namna hiyo, Bunge gani lingemwandikia sheria? Ndiyo sababu tunasema kwamba ndoa ya siri humwangusha aliye mnyonge. Mwenye nguvu hahitaji mashahidi. Anayehitaji mashahidi ni yule atakayeachwa kesho na kuambiwa, «Mimi sikukuoa kamwe.»

Sasa najua neno litakalotupwa kwetu. Watasema: «Wengine walitoroka na wakaishi vizuri.» Ni kweli, wala hatuogopi ukweli. Mwaka 1772 kijana John Scott wa Newcastle alimtorosha Bessy Surtees usiku, msichana akishuka kwa ngazi kutoka dirishani. Wakavuka mpaka wakaoana katika nyumba ya wageni ya Blackshiels huko Uskoti. John Scott huyo ndiye aliyekuja kuitwa Lord Eldon, mkuu wa mahakama za Uingereza kwa miaka mingi, na mke wake alikaa naye mpaka kufa kwake mwaka 1831. Arusi nzuri, sivyo?

Lakini malizeni habari yenyewe. Mwezi wa Januari mwaka 1773, miezi miwili tu baada ya kutoroka, hao wawili walisimama katika kanisa la Mtakatifu Nikolasi huko Newcastle, wakaoana tena mbele ya watu wao. Kwa nini, ikiwa ya nyumba ya wageni ilitosha? Kwa sababu waliona wenyewe kwamba mlango wa nyuma hautoshi kwa watu wanaotaka kukaa nyumbani. Tena, mwaka 1817 binti yake Lord Eldon naye akatoroka akaolewa na msanifu wa majengo George Stanley Repton. Mtoroshaji wa zamani alikasirika vikali, na hawakupatana mpaka mwaka 1820. Aliyeivuka mito kwa daraja bovu hakupenda kumwona mwanawe juu ya daraja lile lile. Mtu mmoja kuvuka salama hakuthibitishi kwamba daraja ni zima.

Sasa tugeukie mafundisho ya Eklezia, maana hapa watu wengi hukosea, wengine kwa upande wa vijana na wengine kwa upande wa wazee.

Eklezia imefundisha sikuzote kwamba kinachofanya ndoa ni ukubali wa hao wawili. Si mahari, si karamu, si amri ya baba. Hakuna mtu duniani awezaye kukubali mahali pa bwana arusi au bibi arusi. Lakini kwa sababu hiyo hiyo Eklezia inataka kuusikia ukubali huo wazi. Tayari mwaka 1215 Mtaguso wa nne wa Laterano uliamuru ndoa zitangazwe mbele ya watu. Na tarehe 11 Novemba 1563 Mtaguso wa Trento uliamua kwamba ndoa isiyofungwa mbele ya paroko, au padri aliyeruhusiwa, pamoja na mashahidi wawili au watatu, si ndoa. Kwa sababu gani? Mababa wa Mtaguso waliitaja: walikuwako wanaume waliooa kwa siri, kisha wakamwacha mke wa kwanza na kuoa mwingine kwa wazi, na Eklezia haikuweza kumhukumu mtu kwa ndoa isiyoonwa na yeyote. Basi amri ile ilitoka ili kumkinga yule aliyeachwa.

Uskoti ulikuwa umejitenga na Baba Mtakatifu mwaka 1560, yaani miaka mitatu kabla ya amri hiyo. Kwa hiyo nchi ile ilibaki na desturi ya zamani, ambayo Eklezia yenyewe ilikuwa imeona hatari yake na kuirekebisha. Wanaosifu Gretna Green kama jambo jipya na la uhuru wanasifu ugonjwa wa zamani uliokwisha kupatiwa dawa.

Lakini wazee nao wasikilize! Katika Mtaguso ule ule wajumbe wa mfalme wa Ufaransa waliomba sana ndoa za watoto zisizokubaliwa na wazazi zibatilishwe. Mababa wa Mtaguso walikataa. Tena walimlaani mtu yeyote anayefundisha kwamba ndoa hizo ni batili kwa kukosa ridhaa ya wazazi tu. Sheria ya Eklezia ya leo, iliyotolewa mwaka 1983, inasimama palepale. Ndoa ya kulazimishwa kwa nguvu au kwa hofu kubwa ni batili. Mwanamke aliyetekwa ili aolewe hawezi kuolewa na mtekaji mpaka awe ameachiliwa, yu mahali salama, na amechagua mwenyewe. Na kwa watoto wasiotimiza miaka 18, padri asiwafungie ndoa bila ruhusa ya Askofu ikiwa wazazi hawajui au wanakataa kwa haki. Angalieni vizuri: kwa haki. Haikusemwa kwa hasira, wala kwa tamaa ya mali.

Na hapa lazima tuseme neno gumu. Nani aliyejenga Gretna Green? Mhunzi hakuijenga peke yake. Waliijenga pia akina baba wa Uingereza waliotumia mamlaka yao kulinda mali kuliko kulinda mtoto. Mwaka 1782 binti Sarah Anne Child, miaka 17, alitoroka na Earl wa Westmorland. Baba yake, Robert Child, mwenye benki wa London, aliwafuata njiani asiwazuie. Alifanya nini kisha? Aliandika upya wosia wake ili utajiri wake mkubwa usimfikie mkwe wake wala mrithi wa cheo chake, akafariki mwaka ule ule. Hasira yake ilienda kulala katika karatasi za mali.

Je, kwetu Kongo jambo hili ni geni? Sheria yetu ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka ukubali wa wote wawili, inataka umri wa miaka 18, na inajua mahari. Ni vema. Mahari ni heshima ya jamaa mbili, na Eklezia haikuikataa. Lakini heshima imekuwa soko. Kijana analetewa karatasi ndefu: mbuzi, vikwembe, suti ya baba, kasha za bia, fedha juu ya fedha, na kila mjomba anaongeza lake. Kijana hana. Anangoja miaka. Mwishoni wanaondoka usiku, wanakaa pamoja bila sakramenti, watoto wanazaliwa, nao wazazi wote wawili wanakaa mbali na Meza ya Bwana. Kisha baba yule yule aliyeandika karatasi anakuja kwa paroko akilia kwamba mtoto wake ametoroka! Mzee, mtoto alitoroka wapi? Mlango wa mbele uliufunga wewe mwenyewe, ukaweka bei juu ya kufuli.

Kwa hiyo hatumpi mshindi hata mmoja. Wazee wanaouza binti na vijana wanaotoroka wanafanya kosa moja: wote wawili hawataki ukubali wa kweli usikike mbele ya watu wote. Mzee anaogopa kwamba msichana atasema hapana. Kijana anaogopa kwamba mtu atauliza swali. Tangazo la kanisani linawasumbua wote wawili, nalo ndilo linalomwokoa msichana kutoka mikono yote miwili. Wahenga walisema, penye wengi hapaharibiki neno.

Nanyi vijana mnaosema, «Sisi hatuna fedha za arusi kubwa,» nani aliwaambia kwamba Eklezia inadai arusi kubwa? Inadai hao wawili wenye hiari, padri au shemasi aliye na ruhusa, na mashahidi wawili. Basi. Hakuna sharti la keki, wala la gari, wala la nguo ya kukodi, wala la karamu. Mkiwa watu watano mbele ya altare siku ya kazi asubuhi, ndoa yenu ni kamili kama ile ya mfalme. Wazazi wakikataa bila sababu ya haki, msikimbie usiku. Nendeni kwa paroko mchana. Mwambieni yote. Yeye atawaita wazee, na wazee wa jumuiya watasaidia, na mara nyingi karatasi ndefu hufupika inaposomwa mbele ya watu. Tamaa haipendi kusikilizwa kwa sauti.

Mwisho wa Gretna Green ndio utufundishe. Mwaka 1856 Lord Brougham alileta sheria kwamba mmoja wa wachumba awe amekaa Uskoti siku 21 kwanza. Mbio za farasi zikapoa. Mwaka 1940 ndoa za kutamka tu mbele ya mashahidi zilikomeshwa kabisa; «padri» wa mwisho wa fuawe, Richard Rennison, alikuwa ameandika ndoa 5,147. Hata leo maelfu ya watu huenda kuoana pale kila mwaka, fuawe ingalipo, nyundo ingali inapigwa. Lakini anayetaka kuoana huko sharti apeleke taarifa kwa mwandishi wa serikali siku 29 kabla, na majina ya hao wawili hutolewa mbele ya watu ili mwenye kipingamizi aseme.

Mmesikia? Mahali palipotajirika kwa ndoa za siri pamerudi kwenye tangazo. Walipita njia ndefu ya miaka karibu 200, wakafika mlangoni mwa parokia. Sisi tuko mlangoni tayari. Wazee, ondoeni kufuli. Vijana, ingieni kwa mlango wa mbele, mchana, majina yenu yakisomwa mbele ya wote.